Kutembea bure: siku ya wapenzi wawili Goma kabla ya konseri

Bandugu na badada wa asosiasioni, kila mara konseri kubwa ya inje inapopita kwetu, kesho yake tunaandika juu ya vitu vilevile. Sauti ilikuwa namna gani. Msanii alichelewa masaa ngapi. Nani alivaa nini, na nani alikuja na nani. Mimi pia nasoma hizo kritiki na nazipenda, lakini naona zinaacha nusu ya kazi. Konseri ya inje si kama sinema, kwamba unafunga mlango na mji unabaki kule. Haina ukuta wala paa. Mtu anaingia nayo mji mzima ndani ya viatu vyake: vumbi ya barabara, bei ya moto, maneno ya mama mwenye alimuuzia maparachichi.

Kwa hiyo leo nataka kufanya kritiki ya kitu chenye wengi hawahesabu kama sanaa: siku yenyewe. Nasema ile siku ya wapenzi wawili wenye wanatoka asubuhi, wanazunguka mji, na jioni wanafika mbele ya jukwaa. Nachukua mfano wa Goma na Festival Amani, juu ni konseri ya inje yenye wengi kati yetu tunaijua, na juu ilichagua kubeba jina zito. Mtu akijiita Amani, inafaa tumuulize maswali mazito kidogo.

Tuanze na haki yake. Toleo la kwanza lilifanyika Februari 2014. Lilipangwa tangu 2013, lakini vita ilikuwa karibu na mji na likaahirishwa. Ilikuwa siku tatu za muziki na ngoma katika uwanja wa Collège Mwanga, katikati ya mji, na tiketi ilikuwa dola 1. Walikuja wasanii wa kwetu na wa nchi jirani, na vijana wengi wa mji walifanya kazi ya kujitolea. Tusidharau mambo haya. Uwanja wa shule hauna kiti cha watu wakubwa cha kudumu. Kila mtu anajua kusimama pale, juu kila mtu alishasimama pale akiwa mtoto. Bei ya dola 1 inasema: muziki si kwa wenye magari tu. Na mji wenye dunia ilikuwa inausikia redioni tu, jina lake likifuatana na bunduki, mara hii ulitajwa juu ya gitaa. Mwenye hakuishi Goma miaka ile hawezi kupima uzito wa jambo hilo.

Lakini bei ya tiketi si bei ya siku. Hapa njo kritiki yangu inaanza.

Kuko siku moja ya mufano yenye vijana wote wa mji wanaijua kwa kichwa, kama maneno ya katekisimu. Hakuna mtu aliiandika, lakini kila mtu anaifuata. Asubuhi msichana anaenda kusuka. Mchana kijana anakuja kumtafuta na moto, na si moto moja kwa watu wawili, juu nguo zitakunjamana. Mnapita Rompwe Chukudu, mnapiga foto mbele ya yule mtu wa rangi ya dhahabu. Mnashuka mupaka kando ya ziwa, kwenye terasi yenye meza nyeupe, mnakunywa kinywaji kimoja kwa saa mbili. Foto ingine, maji nyuma, miguu haionekani juu viatu viliazimwa. Kesha mnaenda kwenye konseri, na hapo tu ndiyo mnakumbuka bei ya tiketi. Ile siku inaweza kumeza pesa ya mwezi mzima ya mwanafunzi mwenye anakaa kwa mjomba wake.

Kama ingekuwa riwaya, ningesema muandishi wake ana shida mbili.

Shida ya kwanza ni hesabu yenye haisemwi. Katika siku ya mufano, kijana analipa kila kitu, na anaandika kila kitu ndani ya kichwa. Msichana anajua kwamba kitabu cha deni kinaandikwa, hata kama hakuna mtu anasema neno. Jioni, muziki ukiwa mkubwa na watu wakiwa wengi, deni linaanza kuomba kulipwa. Badada wanajua kitu chenye ninasema. Tunaita vile mapenzi, lakini muundo wake ni wa mkopo: kuko mwenye kutoa, kuko dhamana, kuko tarehe ya mwisho. Na kuko saa yenye haimbani kijana lakini inambana msichana, juu yeye njo lazima afike nyumbani mbele ya giza, na yeye njo ataulizwa. Sijasikia bado kritiki moja ya konseri yenye inasema: muziki ulikuwa mzuri, lakini nusu ya watazamaji walikuwa wanaangalia saa.

Shida ya pili ni jiografia. Siku ya mufano inachukua kipande kidogo cha mji, inakiita Goma. Rompwe, terasi, ziwa, jukwaa. Angalia ile sanamu ya chukudu. Ni nzuri, na ni haki kwamba mji umemheshimu mtu mwenye anausukuma. Lakini tunapiga foto na sanamu ya rangi ya dhahabu, na wakati huohuo tunamtukana mwenye chukudu ya mbao mwenye anapita nyuma yetu na viazi, juu ameharibu foto. Mimi nadhani pale ndiyo kipimo cha macho yetu. Sanamu tunaipenda juu haina jasho.

Sasa nieleze siku ingine, yenye mimi na mchumba wangu tulifanya Februari moja kabla ya Covid, tukiwa bado wanafunzi. Siieleze kama ushindi, kuko wengi walifanya vile. Naieleza juu inanisaidia kulinganisha. Tulikubaliana mambo mawili: kila mtu analipa nusu, na tunaenda kwa miguu.

Tulianzia soko la Virunga, asubuhi. Kwa mwenye alisoma kilimo, soko ni ramani. Kabichi na viazi vinasema Kibumba na mashamba ya chini ya Nyiragongo. Maharagi yanasema Rutshuru. Jibini yenye inaitwa ya Goma inasema Masisi, juu Goma mji hauna ng'ombe. Una meza ya kuuzia tu. Ndizi na mboga vinasema Minova, mananasi yanasema Idjwi, na yalivuka maji. Makala, sitaki hata kueleza: mfuko wa makala katika mji huu mara nyingi una harufu ya miti ya Parke ya Virunga. Ukisimama pale dakika kumi tu na kuuliza bei, unajua ni barabara gani iko wazi na ni gani imefungwa, bila redio. Mchumba wangu aliuliza juu ya viazi kwa mama mmoja, bei ilikuwa juu kuliko juma lenye lilipita. Mama akajibu: "Mutoto yangu, si miye. Uliza barabara."

Ile jibu nimeibeba mupaka leo. Mtu mwenye hakwenda kwa konferansi yoyote alitupatia ufafanuzi wa amani wenye ni mzuri kuliko wa hotuba nyingi: amani ni barabara yenye viazi vinapita bila kulipa mara tano.

Kutoka soko tulishuka Birere, penye maduka, mizigo, watu wa mpaka, kelele. Mapenzi ya Birere ni kushikana mkono kwa nguvu juu umati usiwatenganishe; kule hakuna mkono wa foto. Kesha tukaenda upande wa katikati ya mji, na pale mawe yanaanza kusema. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilitapika, na mto wa moto ulikata mji mupaka ziwani. Uliharibu sehemu ya uwanja wa ndege na uliharibu katedrali. Watu walirudi, wakajenga juu ya lile jiwe, na kwa lile jiwe. Kuta nyeusi zenye unaona kando ya barabara ni ule moto wenyewe, umepoa, umekatwa, umepangwa. Mchumba wangu, yeye alizaliwa mbali na Goma, aliweka mkono juu ya ukuta mmoja na akanyamaza. Hakupiga foto. Mimi nilikuwa nafikiria udongo: jiwe kama lile linahitaji muda mrefu mbele ya kuwa shamba la maana, lakini kuko mama alikuwa ameshajaza udongo ndani ya shimo la mawe na kupanda lenga-lenga. Yule mama hakungojea jiwe lioze.

Mchana tukafika upande wa ziwa. Si kwenye terasi. Tulitafuta njia ndogo yenye watoto wanapita na bidoni za njano kuchota maji. Ni ziwa lenye kila mgeni anasema ni zuri, na ni kweli. Chini yake kuko gazi ya metani na gazi karbonika kwa wingi, na kando yake kuko sehemu zenye mazuku, ile hewa mbaya yenye haionekani na inaua mbuzi na mtu bila kelele. Kuishi na uzuri wenye unaweza kukuua ni elimu yenye watu wa Goma walipata bila diploma.

Njia yenyewe ilipita kati ya kuta mbili ndefu. Santineli wa nyumba moja akatuuliza, bila ubaya:

"Munaenda wapi?"

"Tunatembea tu, papa."

"Munatembea bure?"

"Bure, papa."

Akacheka. Akasema: "Haya, mutembee. Lakini muzunguke pale, huku hakuna njia."

Nasimama kwa neno lile, juu kritiki yangu yote imefungwa ndani yake. Kutembea bure. Kwetu, kila mtu mwenye anatembea lazima awe na sababu: anaenda shamba, anaenda kwa mganga, anaenda kutafuta pesa, anakimbia. Mwenye hana sababu ni mwizi, ni mpelelezi, au ni mjinga. Vita ya miaka mingi imetufundisha kuogopa mtu mwenye anatembea bure. Na vita njo inatunyima ile haki wenyewe. Watu wawili wenye wanaweza kuzunguka mji wao tangu asubuhi mupaka jioni, bila sababu, bila karatasi, bila kulipa mtu, na kufika kwenye muziki wakiwa wazima: nipatie kipimo cha amani chenye kinapita pale.

Wenye wanapenda filamu wataniambia kwamba jambo hilo limeshafanywa. Ni kweli. Before Sunrise ya Richard Linklater, ya 1995, ni filamu nzima ya watu wawili wenye wanatembea bure. Kijana wa Marekani na msichana wa Ufaransa wanakutana ndani ya treni, wanashuka Vienna, wanazunguka mji usiku mzima. Kijana hana pesa ya hoteli. Mshairi wa kando ya maji anawaandikia shairi kwa sarafu kidogo, mwenye baa anawapatia chupa ya divai kwa neno tu. Hata wanaalikwa kwenye mchezo wa kuigiza na hawafiki, juu mji umekuwa mchezo tosha. Ni filamu nzuri, ninairudilia mara kwa mara. Lakini ukiiangalia ukiwa Goma unaona kitu chenye muongozaji mwenyewe hakuhitaji kukifikiria: katika saa zote zile hakuna mtu mwenye silaha anawauliza wanaenda wapi, hakuna saa ya kufunga barabara, na msichana hana baba mwenye anangoja mlangoni. Mazungumzo yao mazuri yanasimama juu ya amani yenye haionekani, kama nyumba inavyosimama juu ya fondasio. Sisi tunaiga mazungumzo, tunaiga foto, tunaiga divai. Fondasio hatuiulizi.

Sasa tufike kwenye jukwaa. Tuliingia Mwanga jua likiwa bado kali. Umati, vumbi, mabanda, vijana wa kujitolea wanaelekeza watu. Muziki ulikuwa mzuri, siongezi neno, wengine waliandika juu yake. Lakini nilikuwa nasikiliza na masikio ingine. Karibu kila msanii, kwa konseri za namna ile, anasimama katikati ya wimbo na kupaza sauti: amani! Na umati unajibu: amani! Mara tatu, mara nne. Lile neno linapanda na kushuka kama puto. Sikuona ubaya wake. Watu wenye wameogopa muda mrefu wana haki ya kupiga kelele pamoja. Lakini nilikuwa nimetoka kwa mama wa viazi, na neno lake lilikuwa na uzito wenye lile la jukwaani halikuwa nao. Yeye alitaja barabara. Jukwaa halikutaja kitu.

Hapa njo nawalaumu wasanii wa nyimbo za amani kwa jumla, na sisi wenye tunawashangilia. Nyimbo zetu za amani zina njiwa, zina mikono yenye inashikana, zina "tupendane." Haziambii nani afanye nini. Wimbo wenye kila mtu anaweza kuuimba, hata mwenye ameficha bunduki nyumbani, haujamuuliza mtu swali. Nangoja msanii mwenye ataimba bei ya maharagi ya Rutshuru juma lenye barabara imefungwa. Nangoja mwenye ataimba msichana mwenye anaangalia saa, au watu wawili wenye wanatembea bure mupaka santineli anacheka. Zile zitakuwa nyimbo za amani, na zitakuwa na ritmu nzuri pia, juu mji wenyewe una ritmu.

Rafiki mmoja wa promosheni yetu alisoma mawazo haya na akanijibu: "Docta, acha watu wafurahi. Mtu anatafuta siku moja tu ya kusahau, na wewe unamletea kabichi." Ni jibu lenye nguvu. Furaha ya siku moja, katika mji kama ule, si kitu kidogo, na mimi si mtu wa kuhesabia mwenzangu kinywaji chake cha kando ya ziwa. Lakini mimi najibu kwamba ile siku ya mufano haisahaulishi. Inamchosha kijana na deni, inamchosha msichana na woga, na jioni wote wawili wanarudi kwa mji wenye hawakuuona. Siku ya kwa miguu ilitupatia kicheko zaidi, na ilikuwa rahisi kwa pesa. Furaha na macho wazi si maadui. Tena mchumba wangu ananikumbusha kwamba alinijua vizuri zaidi ile siku, juu mtu mwenye anatembea masaa sita hawezi kuigiza masaa sita.

Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Wenye tulikuwa nao kwenye uwanja ule, wengine wamebaki, wengine wako Kinshasa, Kampala, Nairobi, wengine hatujui. Sitaki kutumia machozi ya watu kama mapambo ya kritiki. Nasema tu kwamba kitu cha kwanza wengi wao wanataja wakipiga simu si jukwaa. Wanauliza barabara fulani kama inapitika. Wanauliza kama mtu anaweza bado kushuka ziwani jioni. Wanauliza, kwa maneno yao, kama kuko mtu anaweza kutembea bure.

Kwa hiyo, bandugu wenye mnaandika hapa, mahali popote mlipo, Bukavu, Lubumbashi, Kisangani, Bunia, konseri ya inje ikipita kwenu, msianze kritiki kwenye mlango wa uwanja. Anzeni asubuhi. Tuambieni watu walifika namna gani, kwa miguu ao kwa nini, walilipa nani njiani, nani alirudi mapema na kwa sababu gani, na muuzaji wa nje ya uwanja alisikia muziki ao alisikia kelele tu. Kesha mtuambie sauti ilikuwa namna gani. Na wenye mna mchumba, siku ile mgawane bei nusu kwa nusu, mvae viatu vyenye vinaweza kutembea, mpitie sokoni kwanza.